Taa za Nje za Trela Letu

Trela letu la kambi, lile la kulala ndani linalovutwa na gari, lilikuwa na taa nne za nje, na kwa viangazi viwili vya kwanza niliziwasha zote kila jua lilipozama na kuziacha ziwake mpaka kulipokucha. Ya kwanza ilikuwa kando ya mlango, kwenye kimo cha kichwa cha mtu mzima, pale ambapo karibu kila trela la Marekani huwekewa taa. Ya pili ilikuwa utepe wa LED uliobandikwa chini ya ukingo wa turubai la kivuli, lile linalokunjuliwa ubavuni mwa trela na kutufanyia baraza. Ya tatu ilikuwa mbele, juu ya mkono unaoliunganisha trela na gari. Ya nne niliifunga mwenyewe upande wa nyuma, Jumamosi moja, kwa skrubu na silikoni, nikiwa na hakika kwamba ninailinda familia yangu. Ilikuwa taa kali ya kumulika, ya aina ambayo watu hufunga juu ya geti. Leo hiyo ya nne nimeiondoa kabisa, ya pili nimeibadilisha, ya tatu huwaka dakika chache tu tunapofika na tunapoondoka, na ya kwanza huwaka wakati wa kupika na kuosha vyombo tu. Nimefika hapo polepole, baada ya makosa kadhaa, na kwa kuwa kila mwaka nakutana kambini na Watanzania, Wakenya na Wakongo ambao wamenunua matrela yao ya kwanza na kuyazungushia taa kama nilivyolizungushia langu, nimeona niyaandike niliyojifunza.

Nilikulia Bukoba, katika nyumba iliyoingiziwa umeme nikiwa tayari darasa la tano. Kabla ya hapo usiku wetu ulikuwa wa koroboi na, siku za wageni, chemli. Umeme ulipofika, balbu ya kwanza ambayo baba aliifikiria haikuwa ya sebuleni bali ya nje, juu ya mlango wa mbele, kwa sababu nyumba yenye taa nje ilikuwa nyumba yenye mwenyewe: mgeni alijua anakaribishwa, na mwizi alijua ataonekana. Imani hiyo nilikuja nayo hadi Pennsylvania, Marekani, bila kuikagua hata mara moja. Kwa hiyo usiku wa kwanza nilipoliona trela letu limesimama peke yake chini ya miti, katika giza lisilo na taa hata moja ya barabarani, nilifanya kile ambacho baba angefanya.

Wadudu ndio walioanza kunionyesha kwamba nimekosea, na katika jambo hili mtu wa Bukoba hana udhuru. Kila mwaka mvua zikishika, hasa Novemba na Desemba, watu wa kwetu huwasha taa kali nyeupe usiku, husimamisha mabati yanayong'aa na kuweka mapipa chini yake. Senene, wale panzi tunaowala, hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza na kuishia ndani ya pipa. Kumbikumbi nao tuliwanasa kwa beseni la maji lililowekwa chini ya taa, na ziwani wavuvi wa dagaa hufanya jambo hilohilo kwa karabai juu ya maji. Nilikuwa nimeyaona hayo yote tangu utoto, kisha nikabandika karibu mita 5 za LED nyeupe yenye ubluu juu ya meza ambapo watoto wangu hula wali, kando ya ubavu mweupe wa trela unaoakisi mwanga kama bati jipya. Nilikuwa nimejenga mtego wa senene, nikaketi ndani yake na familia yangu. Nondo na vijidudu visivyo na idadi vilianguka kwenye mchuzi, na kila mlango ulipofunguliwa vilimiminika ndani hadi vitandani.

Kwa muda mrefu watu walisema kwamba mdudu hufuata taa kwa kudhani kuwa ni mwezi. Mwezi Januari 2024 watafiti wa Imperial College London na Florida International University walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kuwapiga wadudu picha kwa kamera za kasi kubwa, na maelezo yao yananiridhisha zaidi. Mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo wake upande ulio na mwanga, kwa sababu tangu zamani upande huo ulikuwa juu, angani. Akipita karibu na taa yetu, mwanga unakuwa pembeni yake au chini yake. Anapinda ili mgongo uuelekee, na kila anapopinda anajikuta amegeuka kuizunguka taa tena. Tangu niliposoma hayo sijaweza kumtazama nondo anayegonga balbu kwa macho yaleyale. Hakuja kwetu kwa kupenda. Amepotea, hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi, na hatoki mpaka taa izimwe au mwenyewe achoke.

Kinachoamua wingi wao ni rangi. Macho ya wadudu wengi huona vizuri mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana na binadamu, lakini huuona kwa udhaifu mwanga wa kaharabu na mwekundu, na ndiyo sababu taa nyingi za milango ya matrela zimekuwa zikiuzwa na kifuniko cha rangi ya kaharabu. Langu lilikuwa na kifuniko cheupe, na kukibadilisha ilikuwa kazi ya dakika mbili. Utepe wa turubai niliutoa wote nikaweka wa kaharabu wenye swichi ya kupunguza mwanga. Anayenunua balbu atazame namba ya kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye pakiti: 2700 ni mwanga wa unjano, unaoelekea ule wa chemli, na 6500 ni ule mweupe mkali wa madukani. Shirika la DarkSky International, linalotetea giza la usiku na lililoanzishwa mjini Tucson, Arizona, mwaka 1988, hushauri taa za nje zisizidi 3000, na kwa trela mimi ningeshuka zaidi ya hapo. Katika maeneo mengi ya pwani ya Florida jambo hili limewekewa sheria, kwa sababu kasa hutaga huko, na watoto wao wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga wakidhani ndiko bahari iliko. Ufuo wenye taa nyeupe za kambi huwapeleka barabarani badala ya majini. Kasa hao hutaga pia kwetu Mafia, na ningefurahi kuona hoteli zinazoendelea kujengwa kwenye fukwe za Tanzania zikianza na taa za namna hiyo badala ya kurekebishwa baadaye.

Baada ya wadudu ilikuja betri. Ilikuwa Juni ya kiangazi cha pili, katika milima ya kaskazini ya Pennsylvania, kwenye kambi isiyo na umeme wa kuchomeka. Trela likiwa halijachomekwa, kila kitu kinategemea betri ya volti 12, na yangu ilikuwa ya risasi na asidi, ya ampea-saa 100, yaani ya kutoa ampea moja kwa saa 100. Betri ya aina hiyo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, maana ukiizoesha kushuka chini ya hapo inakufa mapema, kwa hiyo kwa hesabu ya kweli nilikuwa na ampea-saa 50. Taa ya mlangoni ilikuwa bado na balbu ya zamani ya waya, ya wati 18, inayokula ampea moja na nusu. Utepe wa turubai ulikula ampea 3, taa yangu ya ulinzi ampea 2, na ile ya mbele nusu ampea. Zote pamoja zilikuwa ampea 7, yaani ampea-saa 7 kila saa, na niliziwasha saa tatu usiku; kufikia saa kumi alfajiri peke yake zingekula ampea-saa 49.

Hita ya trela huchoma gesi, lakini feni inayosukuma joto huzungushwa na betri, na bila feni hiyo hita hukataa kuwaka. Mnamo saa kumi alfajiri niliamshwa na ukimya. Feni ilikuwa imesimama, taa za nje zilikuwa zimefifia, ile ya mlangoni ikawa nyekundunyekundu, na kipimo cha betri kilisoma volti 10.4, wakati betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.7. Nje kulikuwa na nyuzi 5. Tuliwafunika watoto kwa kila kitu tulichokuwa nacho, pamoja na makoti yetu, na mke wangu akamchukua mdogo kifuani mpaka kulipokucha. Hakunilaumu, lakini aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Usiku kucha zile taa zilikuwa zinammulikia nani?"

Niliporudi nyumbani nilibadilisha kila balbu kuwa LED. Ile ya mlangoni sasa ni ya wati mbili na nusu, yaani inakula ampea 0.2 hivi, na usiku mzima haifikii ampea-saa 2. Ningependa kusema kwamba hapo nilikuwa nimetatua tatizo, lakini ukweli ni kwamba nililiongeza. Taa zilipoacha kunigharimu umeme, niliona sina tena sababu ya kuzizima. Balbu ya zamani ilimkumbusha mwenyewe kuizima kwa kumalizia betri; hii mpya haimkumbushi mtu chochote, na nadhani ndiyo sababu kambi za miaka hii zinang'aa kuliko za watu waliotutangulia. Siku hizi kuna watu wanaozungushia trela zima taa za rangi, chini na juu, zikabaki zinawaka wenyewe wakiwa wamelala na mapazia yamefungwa.

Mtu aliyenibadilisha kweli alikuwa mzee mmoja Mmarekani, jirani yetu wa kituo cha pili, kwenye kambi moja iliyo karibu na Msitu wa Taifa wa Allegheny. Kambi nyingi huwa na saa za utulivu, aghalabu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini kanuni hizo husema habari za kelele na jenereta, na mara nyingi hazitaji taa. Mzee huyo alikuja saa nne kasoro akiwa na tochi nyekundu kichwani, akasimama mbali kidogo na meza yetu, kama mtu anayebisha hodi, na kusubiri nimwone. Hakuniambia nizime taa. Aliniomba, kama nina dakika tano, tutembee naye hadi nyuma ya gari lake, halafu nigeuke nilitazame trela langu.

Tulitembea hatua kama thelathini na nikageuka. Nilimwona mke wangu akikunja kitambaa cha meza, nikaona kwamba amevaa kandambili za bluu. Nilimwona mtoto wetu mkubwa kupitia dirishani, na kompyuta iliyokuwa mezani mbele yake. Niliona baiskeli mbili zisizofungwa kwa mnyororo. Kisha mzee aliniambia nirudi hadi mlangoni pangu na nimtafute yeye. Nilirudi, nikasimama chini ya taa zangu zote nne na kutazama kule nilikotoka, na sikuona kitu. Taa zilinitia macho kiwi. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mweusi unaoanzia pale mwanga unapoishia. Aliponijulisha kwamba yupo, kwa kuwasha ile tochi yake nyekundu, nikakuta kwamba amenifuata na amesimama hatua kumi tu kutoka kwangu, pembeni ya tangi langu la maji.

Nililala nikilifikiria jambo hilo. Taa niliyoifunga kwa ajili ya ulinzi ilikuwa inamsaidia yule niliyekuwa namwogopa: yeye anatuona sote na vitu vyetu, sisi hatumwoni. Baba hakukosea kule Bukoba, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa kwenye mtaa wenye majirani, na mwizi aliyesimama kwenye mwanga wetu angeonekana na macho ya nyumba nyingine tano. Kambini msituni hakuna macho hayo. Mwanga pale hauna mtazamaji mwingine zaidi yako, na wewe umejipofusha.

Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Katika muda huo mboni inapanuka, na seli za jicho zinazofanya kazi gizani zinajijaza upya kemikali ambayo mwanga mkali huiunguza mara moja. Dakika hizo zote hupotea kwa kutazama taa nyeupe kwa sekunde chache, au hata kioo cha simu, na mtu anaanza kuhesabu upya. Mwanga mwekundu ulio hafifu hauziamshi sana seli hizo, na ndiyo maana mzee yule alitembea na tochi nyekundu. Nimejaribu mara nyingi tangu siku ile: nikizima kila kitu na kukaa nusu saa, huku hakuna mbalamwezi, naiona njia ya kwenda chooni, naona vigogo vya miti, naona kamba za hema la jirani, na ningemwona mtu anayetembea. Giza totoro tunaloliona kutoka chini ya taa zetu kwa sehemu kubwa tumelitengeneza sisi wenyewe.

Usiku uliofuata tulizima, na ndipo watoto walipoona vimulimuli. Kiangazi cha Pennsylvania kimejaa vimulimuli, na mmoja wa jamii yao ni mdudu rasmi wa jimbo hili tangu mwaka 1974. Katika msitu wa Allegheny wako hata wale wachache ambao mamia kwa mamia huwaka na kuzimika kwa pamoja, kama waliopewa ishara. Dume humetameta akiruka, jike humjibu kutoka kwenye majani, na mwanga wa taa ukizidi hawaonani na mazungumzo yao hukatika. Tulikuwa tumelala viangazi viwili katikati ya jambo hilo bila kuliona. Mtoto wetu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, aliuliza kama vimulimuli vilikuja usiku huo tu. Sikuweza kumdanganya, nilimwambia kwamba walikuwepo siku zote.

Kiangazi kilichopita mama yangu alitutembelea kutoka Bukoba, na hapo ndipo nilipolazimika kupima upya mambo niliyokuwa nimeanza kuyashikilia kwa ukali kupita kiasi. Mama ana miaka 71. Tulikwenda naye Agosti kwenye hifadhi ya Cherry Springs, katika wilaya ya Potter, mahali ambapo watu wa pwani ya mashariki ya Marekani husafiri saa nyingi kwa ajili ya kuona nyota. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kama hekta 33, lakini imezungukwa na Msitu wa Susquehannock wenye zaidi ya hekta 100,000 na iko juu ya mlima usio na mji mkubwa karibu. Natural Bridges kule Utah ndiyo iliyotangulia kutambuliwa duniani kuwa hifadhi ya anga la giza, mwaka 2007, na Cherry Springs ikafuata mwaka 2008. Kwenye uwanja wake wa kutazamia nyota taa nyeupe zimepigwa marufuku usiku. Anayehitaji mwanga hutumia mwekundu.

Nilimweleza mama haya yote njiani, kwa shauku, naye akanisikiliza hadi mwisho. Tulipofika na kuegesha trela kwenye kambi ya hifadhi, ambayo haina umeme, jua likaanza kuzama, akaniita.

"Baba, hivi kweli tunalala porini bila taa?"

"Ndiyo, Mama. Lakini taa ipo, nitakuonyesha swichi yake."

"Na wanyama?"

Nilimwambia kwamba dubu weusi wapo katika milima hii, kwamba dubu huja kwa kufuata harufu ya chakula, kwamba taa haimzuii mwenye njaa, na kwamba ndiyo sababu mke wangu alikuwa amekwisha kufungia vyakula vyote ndani ya gari. Alikubali hilo bila shida, maana kwetu pia watu hujua mnyama anafuata nini. Shida yake ilikuwa nyingine, na alipoisema niliona aibu kwamba sikuifikiria kabla. "Mimi nikiamka usiku kwenda haja," alisema, "hiyo ngazi siioni."

Alikuwa na haki kabisa. Mboni ya jicho la mzee haipanuki kama ya kijana, na jicho lake huchukua muda mrefu zaidi kulizoea giza. Nilichokuwa nakiona mimi baada ya nusu saa, yeye asingekiona hata baada ya saa nzima. Ngazi ya trela ni vipande viwili vya chuma vinavyokunjika, vyembamba na virefu kuliko ngazi ya nyumba. Kando yake kuna miguu ya jeki, na mbele yake kuna kamba za turubai. Mtu anayeanguka kambini mara nyingi huangukia hapo hapo mlangoni. Nilikuwa nimeanza kuliona giza kama tunu ya kulindwa na kila mtu kwa kiasi kilekile, nikasahau kwamba anayelilipia ghali zaidi ni mwenye miguu na macho ya kizee.

Nilikuwa na kitaa kidogo cha kaharabu kwenye sanduku la zana, kisichofikia wati moja, chenye sensa ya mwendo, nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya kabati. Nilikifunga jioni ileile chini ya kizingiti cha mlango, nyuma ya kipande cha bati nilichokikunja kwa koleo, hivi kwamba mwanga wake unashuka kwenye vidato vya ngazi na hatua mbili za ardhi, basi. Mtu aliyesimama mita kumi haioni balbu yenyewe hata kidogo. Kinawaka mtu anaposogea na kuzimika baada ya sekunde 20. Nilimwomba mama apande na kushuka mara tatu gizani mpaka aliporidhika. Kazi hiyo ilinichukua kama dakika arobaini, na ninaiona kuwa taa bora kuliko zote zilizowahi kuwa kwenye trela letu.

Tangu hapo nimeziweka taa zetu kwa kufuata miguu ya watu. Kamba za turubai nimezivalisha vipande vya utepe unaorudisha mwanga, ambao haumuliki mtu na huonekana mara moja tochi inapopita. Taa ya mlangoni tunaiwasha wakati wa kupika na kuosha vyombo, na utepe wa turubai, ukiwa umepunguzwa hadi kuwa utusitusi, tunauzima tunapoinuka mezani. Tukifika kambini usiku siogopi kutumia mwanga mwingi, kwa sababu kurudisha trela kinyumenyume gizani ni kazi ya hatari na mtu anayekuongoza lazima aonekane. Nawasha ile ya mbele na tochi kubwa, namaliza, nazima. Pia nachomoa plagi ya matundu saba inayoliunganisha trela na gari, kwa maana taa za pembeni, za kaharabu mbele na nyekundu nyuma, zinaendelea kuwaka iwapo za gari zimeachwa, na nimewahi kumwamsha jirani kwa kosa hilo.

Usiku ule wa Cherry Springs haukuwa na mwezi. John Bortle, mtazamaji nyota wa Marekani, alitunga mwaka 2001 kipimo cha madaraja tisa cha giza la anga, ambapo 1 ni anga safi kabisa na 9 ni katikati ya jiji. Cherry Springs hutajwa kuwa kwenye daraja la 2. Tulitandika mikeka nyasini, tukazima hata simu. Ilikuwa siku za vimondo vya Agosti, na watoto walihesabu thelathini na kitu kabla hawajalala hapo hapo. Nilijaribu kumwonyesha mama Nyota ya Kaskazini, ambayo kule Bukoba, kusini kidogo tu ya ikweta, haionekani, na hapa imekaa juu sana, zaidi ya nyuzi 41 kutoka upeo wa macho. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, kisha akauliza ule Msalaba wa Kusini uko wapi. Nilimwambia kwamba kutoka hapa hauchomozi kabisa, mwaka mzima. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema amechoka, nikamsindikiza ndani.

Saa kumi alfajiri niliona kwa dirisha kile kitaa cha ngazi kimewaka, kikazimika, na sikusikia mlango ukifungwa tena. Nilitoka. Mama alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini, amejifunika kitenge na blanketi, amekaa kimya kabisa ili sensa isimwone. Alikuwa ametoka kwenda haja, akarudi, na akaamua asiingie. Alininyooshea kidole upande wa mashariki, juu ya miti, na pale palikuwa na kilimia, kikundi kile cha nyota ambacho jina lake limetoka kwenye kulima, kwa kuwa wakulima walitazama kuzuka kwake na kuzama kwake ili kujua majira. Alikuwa ameanza kuzihesabu nyota zake akiwa peke yake, na alifika sita; mimi nilipata saba, akasema nimeongeza. Alinieleza jinsi baba yake alivyowaonyesha yeye na ndugu zake kikundi hicho wakiwa wadogo, wakienda shambani kabla ya mapambazuko, na kwamba hakumbuki ni lini mara ya mwisho alipokitazama, ingawa kipo na kwetu pia.

Tulikaa pale mpaka mashariki ilipoanza kuwa ya kijivu na nyota ndogo zikapotea moja baada ya nyingine. Kisha aliinua mkono kidogo mbele ya sensa, kitaa kikawaka miguuni pake, akashika nguzo ya mlango na kupanda.